Rangi ya Mtaa Wetu

3 Machi

Kitinda, mdogo wangu,

Dereva wa lori amepita ofisini akasema kesho anapandisha nondo huko bwawani kwenu, na kama nina neno nimpe leo. Basi pokea salamu kabla hujapokea nondo. Mimi mzima. Mama mzima, ila goti la kushoto limeanza tena. Ukimwambia aende hospitali anakujibu goti halina shida, shida ni ngazi za hospitali. Mlango wa jikoni umegoma kufunga baada ya mvua, kama kila mwaka. Seremala ameuparua, Mama akamsimamia kichwani mpaka mtu wa watu akasahau randa yake.

Fundi cherehani jirani anakusalimu. Unajua ni rika la marehemu baba, lakini utani haumwishi. Asubuhi nikipita barazani kwake nampa shikamoo, na badala ya marahaba ananiuliza, "Mama Mawe, mwamba umeamkaje?" Namjibu umeamka salama, ila unalalamika cherehani inaupigia kelele.

Habari kubwa ni kwamba ramani imekamilika. Unakumbuka nilivyokueleza: mashine inachoronga ardhi, inatoa udongo na mawe kama mkate mrefu, sisi tunaupanga kwenye masanduku na kusoma chini ya mji kuna nini. Sasa kila mtaa una rangi. Kijani, mwamba uko karibu, watu wajenge ghorofa ili mji upande juu badala ya kuyala mashamba. Njano, jenga kitu chepesi. Nyekundu, usijenge, acha miti na acha maji ya mvua yapate pa kuzama. Jiji limeibandika ukumbini, na mpango mpya wa ujenzi unafuata rangi hizo. Jina langu liko chini pembeni. Ni dogo lakini lipo.

Nilimpeleka Mama akaione. Alivaa vile viatu vyake vya harusi za watu. Akauliza mtaa wetu uko wapi, nikamwonyesha.

"Kijani," akasema.

"Kijani," nikasema.

Akasema twende zetu, goti linauma.

Mtaa wetu tuliuchoronga mwezi wa Novemba. Mama hakupenda mashine iingie uani, lakini tulielewana.

Dada yako

*

30 Machi

Shikamoo Dada,

Barua yako imefika pamoja na nondo, nondo zikiwa zimepinda, barua ikiwa imenyooka. Huku tuko salama. Joto ni lile lile, na mpishi wa kambi amegundua namna ya kuufanya wali uungue na ubaki mbichi kwa wakati mmoja. Mtambo wa pili wa umeme tumeufunga, wa tatu bado uko kwenye makasha. Mwambie Mama nakunywa maji ya kuchemsha. Si kweli, lakini mwambie.

Gazeti lenye ramani yako limefika kambini. Nimewaonyesha wote jina lako. Mmoja akasema mbona dogo hivyo, nikamwambia hata fyuzi ni ndogo, itoe uone.

Sasa sikiliza. Mtaa wetu ni kijani, na gazeti linasema kijani ni ghorofa nne. Mchoraji wa hapa kambini amenichorea nyumba, nimeibandika ukutani juu ya kitanda. Mama atakaa chini, asipande ngazi. Wewe ghorofa ya kwanza, katikati wapangaji, na mimi juu kabisa siku nikichoka na mabwawa. Tutaivunja ile ya zamani, tutoke kwenye vyumba vitatu na mlango usiofunga. Fundi mwashi nimeshazungumza naye, ni yule yule anayemjengea fundi cherehani.

Nina swali moja, na unijibu wazi. Chini ya ua wetu mlikuta nini? Nasema ua wetu wenyewe, si mtaa.

Mdogo wako

*

6 Mei

Kitinda,

Nisamehe kwa kuchelewa. Lori lilipita mara mbili, mara ya kwanza nilikuwa kikaoni, mara ya pili sikuwa na karatasi. Mama anakusalimu na anasema anajua maji hunywi ya kuchemsha. Goti limepata mafuta mapya, amepewa na mke wa fundi cherehani, linanuka nyumba nzima. Mvua imenyesha sana. Barabara ya sokoni ilikuwa mto kwa siku mbili, na watu wa jiji wakaja kunipongeza kwa sababu maji yalisimama pale pale ramani iliposema. Nimealikwa kuzungumza kwenye vyuo viwili.

Fundi cherehani amemaliza msingi na anapandisha ghorofa. Wanawe watatu watakaa juu, yeye na cherehani zake chini. Ameniambia mbele ya mafundi kwamba nyumba yake ameijenga juu ya jina langu, herufi moja ikilegea ataniletea bili.

Kuhusu mchoro wako, ni mzuri. Ila Mama amezoea vyumba vyake, na kumhamisha mtu mzima ni kazi. Tusubiri mvua ipite. Halafu kuna vibali, na vibali siku hizi vinachukua muda. Mwaka huu nisingeharakisha.

Umesema mtambo wa tatu uko kwenye makasha. Mnaufunga lini?

Dada yako

*

22 Mei

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa nikitafuta jibu la swali langu. Nimekuta goti, mafuta, barabara ya sokoni na vyuo viwili. Jibu sijaliona. Umeniuliza mtambo wa tatu tunaufunga lini. Tangu lini unajali mtambo wa tatu?

Niseme ninavyoona. Jirani anajenga, ramani ni yako, rangi ni yako, na wewe unaniambia nisubiri mvua. Mvua gani hiyo inayonyesha upande wetu tu? Kama unakitaka kile kiwanja, sema. Uliolewa ukarudi, hakuna aliyekuuliza kitu, umekaa na Mama, umejizoesha kwamba pale ni kwako. Na mimi ni mtoto wa pale.

Fundi mwashi ataanza kuchimba mitaro ya msingi mwanzoni mwa Julai. Mama nilimtumia salamu kupitia dereva nikamwuliza kama amekubali. Jibu alilorudisha ni, "Amwulize dada yake." Basi nimekuuliza. Kama hujibu, nachimba.

Kitinda

*

11 Juni

Mdogo wangu,

Usichimbe. Lisome hilo kwanza, mengine yote yanaweza kusubiri.

Mama mzima, na goti ni lile lile. Umesema niliolewa nikarudi. Ni kweli, na tuliache hapo.

Ukuta wa fundi cherehani umepasuka. Ulianza ufa mwembamba pembeni ya dirisha la chini, sasa mtu anaingiza kidole. Sakafu ya chumba cha nyuma imelala upande mmoja. Ukiweka kibiringo cha uzi katikati, kinajiviringisha mpaka ukutani. Aliniita kunionyesha huku anacheka. "Mama Mawe, njoo uone, nyumba yangu imejifunza kupiga magoti." Nikaingia, nikaangalia. Nikasema labda ni mchanga mbaya wa fundi mwashi. Nilisema hivyo mbele ya mke wake, aliyekuwa ananimiminia chai, na chai nikainywa.

Tundu la mtaa wetu lilipangiwa uani kwetu, kati ya jiko na tangi la maji. Hatuchagui. Tunapiga mistari kwenye ramani, na inapokutana ndipo mashine inaposimama. Kwa kazi hiyo nimewahamishia watu vitanda. Kuna bibi mmoja nilimvunjia banda la kuku, akanililia, nikamwambia, "Bibi, ramani haina jamaa." Vijana wa mashine walilipenda neno hilo, wakawa wanalisema kila nyumba kabla hata sijafungua mdomo.

Siku ya mtaa wetu Mama alitoka na kiti, akakiweka juu ya kigingi tulichopigilia kuonyesha pa kuchimba, akakaa. "Nendeni mkatoboe kwa wenye ardhi ya kuchezea," akasema. Vijana walinitazama mimi. Mmoja akasema, "Eti ramani haina jamaa?" Wakacheka wote, hata yule wa pampu ambaye huwa hacheki.

Kulikuwa na njia ya kufanya. Unaandika mwenye nyumba amekataa, panabaki peupe, na hakuna anayepewa kibali cha ghorofa mpaka papimwe. Lakini ningeliandika jina la mama yangu, na vijana wangesoma. Nikawaambia wahamishe mashine ng'ambo ya barabara, kwenye uwanja wa duka la dawa. Huko mwamba tuliukuta upesi, mzuri, ukiugonga unalia kama kengele. Ofisini nikaandika kwamba tundu lilichimbwa palepale palipopangwa. Kompyuta ikapaka kijani kuanzia duka la dawa, ikavuka barabara, ikafika kwetu na kwa fundi cherehani hadi mwisho wa mtaa.

Ndiyo maana ya "tulielewana."

Chini ya ua wetu hatukukuta kitu, kwa sababu hatukutazama. Lakini nimelala nyumba ile maisha yangu yote isipokuwa miaka ya ndoa. Mlango unaogoma kila mvua. Ufa wa sebuleni ambao baba alikuwa anauziba, anaupaka chokaa, na mwakani unarudi. Ningeviona kwa mtu mwingine ningesimamisha kazi.

Sijamwambia mtu. Kila asubuhi natoka nyumbani nikisema leo, na kila jioni narudi sijalisema.

Dada

*

27 Juni

Shikamoo Dada yangu,

Nimemwambia fundi mwashi aache. Mchoro nimeubandua ukutani.

Kabla ya lolote, lile neno la kuolewa na kurudi. Nililiandika nikiwa na hasira, lakini hasira haikulibuni, lilikuwepo. Sina la kujitetea.

Sasa nikwambie kwa nini nilikuuliza kuhusu ua wetu. Likizo iliyopita nilipokuwa nachimbia nguzo ya taa pale uani, Mama alisimama akinitazama, kisha akasema nisiende chini sana. Nikauliza kwa nini. Akasema pale palikuwa machimbo ya mawe. Walipomaliza mawe waliliacha shimo wazi, maji yakajaa, mbuzi wakazama. Baba akalinunua, yeye na wenzake wachache, kwa kuwa ndilo waliloliweza. Walilijaza kwa takataka za mji mzima, mikokoteni kwa mikokoteni, juu wakamwaga udongo wakajenga. Watu wa ng'ambo ya barabara waliwaita "wa shimoni". Mama anasema alipokuwa bibi harusi alikuwa anapita njia ya nyuma kwenda kuteka maji, asiitwe. Wale wenzake wote wamekufa au wamehama. Fundi cherehani alinunua baadaye, hajui.

Akaniapisha nisikwambie. Alisema, "Dada yako ataliandika, halafu watoto wangu wataitwa wa shimoni na vyeti vyao mkononi."

Kwa hiyo mimi nilijua, Dada. Nilipoiona kijani kwenye gazeti nilifurahi kama mtu anayeumwa halafu akaambiwa na daktari hana kitu. Nikasema kumbe Mama kakosea, wenye mashine wamepima. Nilikuuliza lile swali nikitaka uniambie mlikuta mwamba. Ungesema hivyo ningejenga, na nyumba ikishuka na wapangaji ndani ningesema dada ndiye aliyesema. Nilitaka nidanganywe na mtu mwenye cheti. Wewe hukunidanganya, ulinyamaza tu, na hilo ndilo nililokutukania.

Mama alilificha kwako, mimi nikalificha kwako, wewe ukalificha kwa mji. Katika hayo yote, aliyepandisha ghorofa ni fundi cherehani, na yeye hana dada wa kumwandikia. Nani atamwambia? Mimi niko mbali, ni rahisi kwangu kuuliza.

Kitinda

*

2 Agosti

Kitinda,

Mama anakusalimu. Safari hii amenituma nikuandikie kila kitu nisiruke, kwa hiyo hii ni ndefu.

Barua yako nilimsomea jikoni. Nilipofika kwenye njia ya nyuma aliniambia ruka hapo. Nikaruka. Baadaye akasema, "Mficha uchi hazai, na mimi nimezaa wawili wafichaji." Akaendelea kumenya vitunguu.

Kesho yake nilikwenda kwa mkuu wa kitengo. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, akayazuia baada ya sentensi ya pili. Akauliza jirani anayejenga ana watu ndani? Nikasema wako chini. Akachukua kofia yake. Njiani nikamwambia kama ataona vema anaweza kulifuta jina langu kwenye ramani. Akasema, "Hatulifuti. Litabaki hapo hapo, na masahihisho yatakaa chini yake."

Fundi cherehani alikuwa anashona sare za shule. Mkuu alimweleza hatari, kwamba watoke, ghorofa zisipande tena, kwamba tutapima upya. Alisikiliza vizuri, sindano mdomoni. Kisha akaitoa, akanigeukia mimi.

"Siku ile nilipokuita uone ufa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukasema mchanga."

"Nilisema mchanga."

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na birika. Akaingia nalo ndani.

Mashine ililetwa uani kwetu wiki iliyofuata. Ni vijana wale wale. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, lakini hakuna aliyecheka wala aliyelisema lile neno; walifanya kazi wakitazama chini, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mama alitoa viti vyote vya nyumba hii, akatuma kuita majirani. Nikamwambia Mama si lazima. Akasema, "Acha waje. Nimelikalia peke yangu vya kutosha."

Juu ulitoka udongo mzuri aliomwaga baba. Baada ya hapo mashine ikaanza kushuka bila kazi, kama inatoboa mkate. Ilipanda na tope jeusi linalonuka, majivu, vigae vya chupa, kipande cha soli ya kiatu, na ikaendelea hivyo mpaka vijana wakaongeza bomba, wakaongeza tena. Mwamba ulikuja mwisho kabisa, chini kuliko nyumba yetu ilivyo juu. Kwenye sanduku la tatu kulikuwa na kipande cha sahani ya udongo, nyeupe, ukingo wa buluu. Mama akainuka bila kushika goti. Akakichukua, akakifuta kwa upindo wa nguo yake.

"Hii ni yangu," akasema. "Niliivunja mwaka niliokuja. Baba yao akaniambia tupa shimoni, kila kitu kinasaidia." Akawageukia wale wa ng'ambo ya barabara, mwenye duka la dawa akiwemo. "Sisi ndio wa shimoni. Kama mlikuwa mmesahau."

Walikuwa hawajui hata walichotakiwa kusahau. Walitazamana. Mama amelificha neno hilo kwa watu ambao hawakuwahi kulisikia.

Ramani imerekebishwa. Kutoka tangi letu la maji hadi mwisho wa mtaa ni nyekundu. Nyumba za chini zilizopo zitabaki, kwa kuwa ni nyepesi na zimeshashuka kadiri zilivyoshuka, lakini hakuna kitakachopanda juu. Kiwanja cha jiji nyuma ya mtaa, kilichokuwa kimepangiwa majengo ya ghorofa, kitaachwa wazi, maji ya mvua yazame huko badala ya kutiririkia shimoni. Mimi nimeondolewa kwenye kazi ya ramani, niko stoo ya masanduku, naandika vibandiko. Vyuo vile viwili sijakwenda. Yule bibi wa kuku nilimfuata nyumbani kwake. Alinisikiliza, akaniuliza kama nimekuja kumjengea banda. Nimeagiza mbao.

Fundi cherehani anashusha ghorofa. Jiji limempa mafundi. Jumamosi huwa naenda kupanga matofali yanayoteremshwa, na hakuna anayenifukuza wala anayenikaribisha chai. Wanawe wananipokea tofali kutoka mkononi bila kunitazama. Waya na swichi za juu zinang'olewa vibaya. Ukija likizo njoo na vifaa vyako, ujitolee, na usitarajie shukrani.

Kuna jambo moja nilitaka kuliacha, lakini Mama amesema nisiruke.

Bado napita barazani kwake kila asubuhi, sina njia nyingine ya kwenda kazini. Siku ya kwanza baada ya kumwambia nilijiandaa kwa matusi, nilishayapanga kichwani na majibu yake yote. Akaniona naja. Akasimamisha cherehani, akainuka, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kabla sijafungua mdomo yeye ndiye aliyesema, "Shikamoo, mama."

Mtu wa rika la baba, Kitinda. Nilisimama pale. Nikaitika marahaba.

Tangu siku hiyo ndivyo tunavyosalimiana. Hakosei hata siku moja. Na cherehani haianzi tena mpaka niwe nimepita.

Dada yako